Mjomba hakutapeliwa: CD ni halali, ila mwenyewe hakuitaka

Msomaji wa Mwanza ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nilitazama tamthilia ya Kijapani iitwayo First Love, wimbo wake ukanikaa kichwani mpaka nikaanza kukariri maneno bila kujua maana. Mjomba wangu huenda Dubai kibiashara, nikamwomba aniletee CD ya vibao bora vya huyo mwimbaji. Kaniletea imeandikwa Utada the Best. Nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho: Kiingereza kitupu, First Love hakuna, Automatic hakuna. Nikitafuta mtandaoni naona kuna mkusanyiko mwingine wa mwaka huohuo 2010, mwingine wa 2004, mwingine wa 2024. Mjomba katapeliwa? Na ipi ndiyo yenyewe?"

Marahaba, mwanangu. Mjomba hakutapeliwa. CD uliyonayo ni halali, imetolewa na kampuni kubwa, na sauti iliyomo ni ya Utada Hikaru kweli. Tatizo lake ni kwamba mwenye sauti hakutaka itoke, na aliwaambia mashabiki wake waziwazi kuwa asingependa watoe fedha zao kuinunua. Umeshika mkononi kitu cha ajabu kidogo: albamu ya vibao bora iliyokanwa na msanii wake kabla haijafika dukani.

Ili ujue ilikuwaje, inabidi tuanze na jina. Jalada la CD yako limeandikwa "Utada" basi. Hikaru haipo. Hapo ndipo kisa chote kilipo.

Utada Hikaru (Utada ni jina la ukoo, na Wajapani hulitanguliza) alizaliwa New York tarehe 19 Januari 1983. Baba yake ni prodyuza. Mama yake, Fuji Keiko, alikuwa nyota wa enka, muziki wa Kijapani wa majonzi na mapenzi yaliyokwenda kombo. Sauti inavyotetemeshwa humo, mtu aliyelelewa na taarabu hashangai hata kidogo. Kuanzia mwaka 1970 albamu za Fuji Keiko zilikaa nafasi ya kwanza Japani wiki 37 mfululizo. Mtoto hakufuata nyayo za mama kimuziki. Alikulia studio, mguu mmoja New York na mwingine Tokyo, masikio yako kwenye R&B ya Kimarekani. Akiwa bado mtoto wa shule alitoa albamu ya Kiingereza kwa jina la Cubic U, ikapita bila kishindo. Halafu tarehe 9 Desemba 1998, ana miaka 15, kampuni ya Toshiba EMI ikatoa singo yake ya kwanza ya Kijapani, yaani CD fupi, yenye nyimbo mbili, Automatic na time will tell. Miezi mitatu baadaye, 10 Machi 1999, ikatoka albamu ya First Love. Iliuza zaidi ya nakala milioni 7 ndani ya Japani, na mpaka leo hakuna albamu iliyouza kuipita nchini humo.

(Neno la pembeni. Mwaka 2021 Utada alieleza hadharani kwamba hajihesabu kuwa mwanamke wala mwanamume. Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza walilazimika kukaa chini wafikirie viwakilishi upya. Sisi "yeye" yetu inamtosha, wala sikubadilisha sentensi hata moja katika maandishi yangu ya zamani.)

Mkataba wa Toshiba EMI ulikuwa wa kazi zake za Japani. Alipotaka kujaribu soko la Marekani alisaini kwingine, Island Def Jam, lebo iliyo chini ya Universal, na huko akaitwa Utada tu. Albamu zikatoka mbili: Exodus mwaka 2004 na This Is the One mwaka 2009. Mtu mmoja, majina mawili, kampuni mbili, na kila kampuni ina kabati lake la nyimbo na ufunguo wake. EMI haikuwa na haki ya kuweka wimbo wa Exodus kwenye mkusanyiko wake, na Universal haikuwa na haki ya kugusa First Love. Kwa hiyo CD ya mjomba haikuiacha First Love kwa kusahau. Kisheria haikuwa yao.

Sasa twende Agosti 2010. Utada anatangaza kwamba kuanzia mwaka unaofuata atapumzika muziki ili aishi kama mtu wa kawaida. Kwa maneno yake, ashughulike na "shughuli za kibinadamu". Alikuwa na miaka 27, na hakutaka kuzeeka akiwa mtu asiyeweza kufanya lolote bila meneja. Upande wa Japani wakaandaa kuagana kwa heshima: mkusanyiko uitwao Utada Hikaru Single Collection Vol. 2, utoke tarehe 24 Novemba 2010, na maonyesho mawili Yokohama tarehe 8 na 9 Desemba. Universal nao, wenye kabati la Kiingereza, wakatangaza mkusanyiko wao. Tarehe? 24 Novemba 2010. Siku ileile.

Ukiwa mfanyabiashara kama mjomba wako utaelewa mara moja. Msanii anaondoka, hakuna anayejua atarudi lini, magazeti yote yanamwandika. Ukiwa na mali yake ghalani, ndiyo wiki ya kuitoa. Utada hakukataa kwamba kampuni ilikuwa na haki. Kilichomuuma ni kwamba haikuwa kazi yake, haikuwa na wimbo mpya, na shabiki angeingia dukani akute "the best" mbili za msanii mmoja zimepangwa pamoja, asijue ipi ni ipi. Kama ulivyochanganyikiwa wewe.

Hata hivyo usiitupe. Nyimbo za Exodus zilizomo ni nzuri, na mimi nazipenda kuliko wanavyozipenda wakosoaji wengi. Kuna kazi alizofanya na Timbaland, prodyuza wa Kimarekani, wakati Timbaland alikuwa moto. Ukipata albamu nzima ya Exodus, tafuta Kremlin Dusk: dakika tano za wimbo unaokataa kurudi ulikotoka, na kwenye ngoma yuko Jon Theodore, aliyekuwa mpigaji wa bendi ya roki ya The Mars Volta, anazipiga kana kwamba anadai deni. Marekani walipita bila kugeuka. Exodus iliishia nafasi ya 160 kwenye chati ya Billboard, na This Is the One ikafika ya 69. Kwa hiyo neno "best" kwenye CD yako lina kichekesho ndani yake: ni vibao bora vya msanii ambaye katika soko hilo karibu hakuwa na vibao.

Hapo nigeukie swali lako la pili, ipi ndiyo yenyewe. Nalo linategemea unauliza "bora" kwa maana ya nani.

Japani neno hili wamelichukua kutoka Kiingereza wakalifanya lao, besuto, na kwa miaka mingi lilikuwa mashine ya fedha. CD mpya huko huuzwa kwa bei iliyopangwa na kampuni, kwa kawaida karibu yen 3,000, na sheria inaruhusu kampuni kulizuia duka lisipunguze. Watu wengi hawakununua kila albamu. Walikodi. Ndiyo, kulikuwa na maduka ya kukodi CD kama tulivyokodi kanda za video, ukaenda nazo nyumbani ukanakili, na ilikuwa halali. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyelengwa na besuto: hana albamu nne za msanii, lakini akipewa nyimbo zote alizozisikia redioni na kwenye matangazo kwa bei ya albamu moja, anafungua pochi. Mwaka 1997 mkusanyiko wa bendi ya Glay uliuza zaidi ya milioni 4. Mwaka uliofuata B'z wakavuka milioni 5. Kisha ikaja tarehe 28 Machi 2001, ambayo mashabiki wa rika langu huko Japani huikumbuka kama watu wanavyokumbuka mechi ya watani wa jadi: Utada alitoa albamu mpya, Distance, na Hamasaki Ayumi, mwimbaji nyota mwenzake, akatoa mkusanyiko, A Best, siku hiyohiyo. Distance ilipita milioni 3 katika wiki ya kwanza, A Best ikaishia chini kidogo ya hapo. Hamasaki naye haukumfurahisha mkusanyiko ule, na kwenye jalada ameonekana akitokwa machozi. Unaona basi kwamba ugomvi wa 2010 haukuwa wa kwanza.

Angalia pia hizo tarehe. Mwisho wa Machi, tena na tena. Mwaka wa fedha wa kampuni nyingi za Japani hufungwa tarehe 31 Machi, na albamu inayouza milioni mbili ikiingia wiki ya mwisho hupendezesha vitabu vya hesabu. Mkusanyiko wa kwanza wa Utada, Single Collection Vol. 1, ulitoka tarehe 31 Machi 2004. Siku ya mwisho kabisa.

Nilikuwa Nagoya mwaka huo, mwanafunzi wa ufadhili, chumba kidogo cha mikeka minne na nusu (Wajapani hupima chumba kwa mikeka). Albamu Japani hutoka Jumatano, lakini maduka hupokea mzigo Jumanne na kuuweka rafuni jioni ileile, kila mtu anajua. Jumanne ile nilipita dukani baada ya kazi ya kuosha vyombo nikakuta ukuta mzima wa jalada moja. Sikununua. Nilisubiri ifike duka la kukodi, nikaichukua kwa usiku mmoja, nikainakili kwenye MD, zile diski ndogo ndani ya kasha la plastiki ambazo nje ya Japani karibu hakuna aliyezijali. MD hiyo ninayo bado. Mashine ya kuichezea ndiyo iliyokufa.

Kilichonishangaza nilipoisikiliza ni kwamba haikuwa mkusanyiko wa vibao bora hata kidogo. Soma jina lake vizuri: mkusanyiko wa singo, juzuu ya kwanza. Hakuna neno "best". Nyimbo ni 15, na ni singo zake za Kijapani kutoka ya kwanza hadi ile ya mwanzoni mwa 2003, kwa mpangilio wa kutoka kwake. Hakuna aliyekaa kuchagua. Ni daftari la duka: leo kimetoka hiki, mwezi ujao kikatoka kile. Ukiwa umezoea kanda zetu za zilipendwa, ambapo wimbo wa 1965 unakaa jirani na wa 1978 na hakuna mwaka ulioandikwa popote, utaona uajabu wake. Hapa mwaka ndio mpangilio. Unamsikia mtoto wa miaka 15 akianza, na wimbo wa 15, Colors, ulipotoka alikuwa ametimiza miaka 20 siku chache nyuma.

Naomba unistahimili hapa kidogo, maana ndipo penye nyama.

Anza na Automatic. Mstari wa kwanza unasimulia mtu anayepokea simu ikilia mara ya saba. Neno la "kengele" kwa Kijapani ni beru, silabi mbili. Utada aliliimba be, akakata, akavuta pumzi, kisha ru ikaangukia mwanzo wa kipande kinachofuata. Wajapani walishtuka. Fikiria malenga wetu aandike kipande cha mizani nane halafu amalizie na "ke" na kuanza kipande kingine kwa "ngele". Angefukuzwa barazani! Lakini mtoto huyu alikuwa amelelewa na lugha mbili, akaona kwamba mdundo wa R&B unataka kugongwa mahali fulani na neno la Kijapani likubali kukatika hapo. Sisi wa Kiswahili tunalisikia jambo hili vizuri kuliko Mwingereza, kwa sababu lugha yetu kama yao hujengwa kwa silabi zinazoishia na irabu, na ushairi wetu kama wao huhesabu silabi. Sikiliza tena sasa ukijua hivyo. Utasikia mahali kisu kilipopita.

First Love wewe unaijua. Nitasema moja tu. Unafunguka kwa busu la mwisho lenye ladha ya tumbaku, na aliyeuandika alikuwa hajatimiza umri wa kununua sigara. Japani watu walijadili mstari huo kwa miaka.

Wimbo wa 10 ni Final Distance, na huu huwezi kuusikia sawasawa bila kujua ulikotoka. Albamu ya Distance ilikuwa na wimbo uitwao hivyohivyo, wa kuchangamka, na ulikuwa ukifanyiwa marekebisho ya kuwa wimbo wa taratibu ili utoke kama singo. Tarehe 8 Juni 2001 mtu aliyeshika kisu aliingia shule ya msingi Ikeda, Osaka, akaua watoto 8. Mmoja wao, msichana mdogo, alikuwa ameandika insha akisema anamhusudu Utada na angependa kuwa kama yeye. Utada aliurekodi wimbo kwa vinanda vya nyuzi, taratibu, ukatoka Julai ukiwa umetolewa kwa kumbukumbu ya mtoto yule. Maneno karibu yaleyale ya mapenzi na umbali kati ya watu wawili. Mdundo ulipoondolewa, umbali ukawa mwingine. Kwenye Vol. 1 umewekwa huu, ule wa kuchangamka haumo.

Baada yake unakuja traveling, wa furaha tupu, na Hikari, ambao vijana wengi waliocheza michezo ya kompyuta wanaujua bila kujua kwamba wanaujua: ndio wimbo wa Kingdom Hearts katika toleo la Kijapani. Toleo la Kiingereza ni Simple and Clean, nao haumo humu. Sakura Drops nakuachia uugundue mwenyewe.

Vol. 1 ndiyo albamu iliyouza kuliko zote Japani mwaka 2004, zaidi ya nakala milioni 2. Na jambo hili lina faida kwako leo: kitu kilichouzwa kwa wingi hivyo kimejaa kwenye maduka ya mitumba ya Japani. Mara ya mwisho nilipopita huko niliiona kwa yen mia chache. Nauli ya kuisafirisha hadi Mwanza itazidi bei ya CD yenyewe.

Vol. 2 nitaipita haraka. Ina diski mbili. Ya kwanza inaendeleza daftari la singo za miaka iliyofuata, ikiwemo Flavor of Life na Beautiful World. Ya pili ina nyimbo tano mpya, na hapo ndipo utaona tofauti kati yake na CD ya mjomba. Mtu anayeaga alikaa chini akaandika. Goodbye Happiness ndio mkubwa, na video yake aliiongoza mwenyewe, amejaza humo vichekesho vya video zake za zamani. Arashi no Megami, maana yake mungu wa kike wa dhoruba, unamhusu mama yake. Mwaka 2010 ulisikika kama wimbo wa kupatana. Fuji Keiko alifariki Tokyo Agosti 2013, na tangu hapo mimi siuchezi nikiwa na wageni.

Alirudi mwaka 2016 na Fantôme, albamu ya maombolezo ya mama yake, na sitaki kuanza kuizungumzia maana sitamaliza. Niseme tu kichekesho cha kibiashara: mwaka 2012 Universal iliinunua EMI. Yaani ile kampuni iliyomuudhi 2010 ikajikuta ina makabati yote mawili, na Fantôme ikatoka chini ya lebo yake. Mwaka 2017 Utada akahamia Epic, ya Sony, na ndiko aliko.

Ndiyo maana Science Fiction ya tarehe 10 Aprili 2024 ni jambo jipya. Ni mara ya kwanza kupatikana mkusanyiko unaopita kazi yake yote, tangu Automatic, akiwa amehusika mwenyewe. Nyimbo 26. Mpangilio haufuati miaka, First Love inakaa karibu na nyimbo za miaka ya karibuni na hazigombani. Nyimbo kumi za zamani zimefanyiwa miksi upya, yaani rekodi ni ileile ila sauti na vyombo vimepangwa upya. Tatu zimerekodiwa upya kabisa: Addicted to You, traveling na Hikari. Mbili ni mpya.

Kuhusu hizo tatu. Wasanii wa Magharibi wamekuwa wakirekodi upya nyimbo zao ili wamiliki rekodi, na ukisikia hadithi ya makabati niliyokusimulia utashawishika kudhani ndicho alichofanya Utada. Mimi nikisikiliza nasikia jambo jingine. Chukua Addicted to You. Ile ya 1999, aliyoitengeneza na maprodyuza wa Kimarekani Jimmy Jam na Terry Lewis, ni ya mtoto wa miaka 16 anayetaka kuonyesha anaweza. Sauti iko juu, inasukuma, kila neno limepambwa. Kwenye hii mpya ana miaka 41 na hasukumi chochote. Maneno yanasema tusionane sana, tumekuwa watu wazima, lakini nimeshindwa kukuacha. Kutoka kwa mtoto ulikuwa wimbo wa kujifanya mtu mzima. Kutoka kwa mtu mzima, ni taarifa. Weka hizi mbili moja baada ya nyingine usiku mmoja, halafu niandikie.

Sijakubali kila kitu. Somewhere Near Marseilles, ambao kwenye albamu yake ya Bad Mode una karibu dakika 12 na unahitaji kila moja ya hizo, umekatwa ukawa mfupi. Naelewa kwamba diski ina mwisho. Lakini wimbo ule raha yake ni kutofika, nao wameufikisha. Na miksi mpya ya baadhi ya nyimbo za zamani imesafisha ule ukungu wa mwaka 1999 ambao mimi, kwa uzee wangu, nilikuwa naupenda. Huo si ushauri, ni manung'uniko.

Kwa hiyo wewe, uliyeingia kupitia tamthilia: anza na Vol. 1, kwa mpangilio wake, bila kuruka, siku mbili tatu. Usianze na Science Fiction hata kama ndiyo anayoitaka yeye na ndiyo inayopatikana kirahisi. Ile imetengenezwa kwa mtu aliyekwisha kuishi na nyimbo hizi, na mshangao wake unatoka kwenye kufananisha. Ukiianza kabla, utakuwa umeonyeshwa picha ya mtu mzima ukaambiwa ona alivyobadilika, na wewe hukuwahi kumwona akiwa mdogo. Ukimaliza Vol. 1 sikiliza Fantôme nzima, kisha ndiyo uje Science Fiction. Vol. 2 chukua diski ya pili. CD ya mjomba iweke mahali pazuri, na siku ukiwa na hamu ya Kiingereza chake tafuta Exodus kamili badala yake.

Kama unasikiliza kwa simu, albamu nilizokushauri utazipata kwenye programu za muziki, na huna haja ya kununua. Lakini nimeona kwenye barua yako unataka ya kushika mkononi, na mimi siwezi kumcheka mtu wa namna hiyo, nina kabati. Basi mjomba akisafiri tena, mpe karatasi yenye herufi hizi sita: 宇多田ヒカル. Tatu za kwanza, zilizo nzito, ni Utada. Tatu za mwisho, zilizo kama vijiti, ni Hikaru. Akute hizo kwenye ule ukanda wa karatasi unaozungushwa upande mmoja wa kasha, ambao Wajapani huuita obi na muuzaji mwaminifu wa mitumba huutunza. Kasha likiwa halina ukanda na jalada ni la herufi za Kilatini, atafute neno Hikaru. Akikuta Utada peke yake, aulize bei kwa heshima kisha alirudishe rafuni.